Fahamu: Kwa nini webpack 5 hukataa maktaba zilizokuwa zikifanya kazi?

Umehamia webpack 5, ukaanza kufungasha mradi, na ghafla ujumbe mwekundu unatokea: moduli ya crypto haikupatikana. Wewe hukuiita popote. Aliyeiita ni maktaba uliyoichukua kwa watengenezaji wengine.

Webpack ni nini?

Ni programu inayokusanya faili nyingi za JavaScript na kuziunganisha ziwe chache za kupakuliwa na kivinjari.

Hitilafu inatoka wapi?

Maktaba nyingi ziliandikiwa Node.js, mazingira ya seva yaliyoanza mwaka 2009. Humo mna moduli za ndani kama crypto, stream na path, ambazo kivinjari hakina. Hadi toleo la 4, webpack iliziba pengo hilo kimyakimya kwa moduli mbadala. Toleo la 5, la Oktoba 2020, liliacha kufanya hivyo. Uamuzi ulikuwa wa haki: mbadala wa crypto ni mzito, na mwenye bando dogo ndiye aliyelipia mzigo ambao mara nyingi haukuhitajika.

Ufanye nini?

Soma ujumbe hadi mwisho, kwani unataja faili iliyoomba moduli. Tafuta toleo la maktaba lililotengenezewa kivinjari. Likikosekana, fungua mipangilio ya webpack, sehemu ya resolve.fallback, uielekeze moduli hiyo kwenye mbadala kama crypto-browserify baada ya kuusakinisha. Unaweza pia kuandika false mahali pa mbadala huo, lakini kwa uangalifu: hitilafu itanyamaza, na kama maktaba inaihitaji moduli hiyo kweli, ukurasa utakwama mikononi mwa mtumiaji.