Jalada Huita Mnunuzi

Vitabu vikitandazwa juu ya turubai siku ya soko, pale Mabamba wilayani Kibondo, mkono wa mnunuzi huenda wapi kwanza? Kwenye rangi na picha. Kijana huchukua chenye bastola, mama huchukua chenye msalaba. Tusiwacheke. Ya ndani hayaonekani, na mchuuzi hapendi mtu amalize kitabu bure.

Lakini jalada lina jina pia, nalo huita. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake Rosa Mistika. Mkatoliki anayesali Litania ya Bikira Maria hulijua jina hilo: ndilo Waridi lenye fumbo. Mzazi angeweza kudhani ni kitabu cha ibada. Kumbe ndani mna Rosa, binti wa Zakaria mlevi, aliyempiga mwanawe vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana alipokwenda kusoma mbali, akapotea, na mwisho akajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Miaka ilipopita, kikafundishwa humo humo.

Namwonea huruma baba aliyekinunua kwa ajili ya jina, akakitupa kwa aibu kabla ya kumaliza. Hakupata nafasi ya kujipima na Zakaria.

Siku hizi vitabu vya watoto hujaladiwa kwa gazeti au karatasi ya kaki, picha na jina vikafichika. Basi, mzazi, jioni mwambie binti yako akusomee kurasa mbili tatu kwa sauti, nawe umsikilize bila fimbo mkononi.