Potasiamu na Mbio za Zaha ya Nyiragongo

Wenyeji wa Mbwara, Ngarambe na Mohoro hawana haja ya kuelezwa von Götzen alikuwa nani, kwani ndiye gavana wa Kijerumani aliyeitawala nchi hii tangu 1901 hata 1906, na ni katika zama zake Kinjikitile Ngwale aliponyongwa pale Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimewaka. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba mtu huyo, kabla ya kupewa ugavana, aliikata Afrika kutoka Pangani hata Kongo, na mwaka 1894 akaupanda mlima wa moto wa Nyiragongo, mashariki ya Kongo, na kuchungulia shimo lake; na kwamba mwaka 1957 wataalamu wawili wa Finland, Sahama na Hytönen, walipovumbua madini mapya katika mawe ya Shaheru, volkano kuukuu iliyo ubavuni mwa mlima huo, waliyaita kwa jina lake. Heshima hiyo mtu wa Rufiji asingeitoa. Mawe yenyewe, hata hivyo, hayana hatia, na maarifa yaliyomo ndani yake yastahili kutufikia hata sisi tukaao juu ya tope la delta.

Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, na ukishatoka nje huitwa zaha. Tabia yake, yaani kama itakwenda mbio au itajikokota, kama itabubujika au italipuka, hutegemea kwanza kiasi cha silika iliyomo, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyojaa katika mchanga wa pwani. Chembe za silikoni na oksijeni hushikana zikafanya kitu kilichofumwa mfano wa jarife la mvuvi, na kadiri silika inavyozidi ndivyo jarife linavyotanda na zaha inavyokuwa nzito. Ilhali potasiamu na sodiamu, kila ziingiapo, huzikata nyuzi zake, likabaki vipande visivyozuiana. Basalti ya kawaida ina silika karibu 50 katika mia. Zaha ya Nyiragongo aghalabu haifiki 40, na potasiamu yake, ikipimwa pamoja na oksijeni yake kama ilivyo desturi ya wanakemia, ni kama 5 au 6 katika mia, na sodiamu hukaribia kiasi hicho hicho. Na basalti itokayo chini ya bahari kuu, katikati ya Atlantiki, potasiamu yake haifiki hata 1 katika mia. Zaha yenye hesabu kama ya Nyiragongo haina kitu cha kuizuia isikimbie, ila mteremko uishe au baridi iishike.

Potasiamu yote hiyo imetoka wapi? Mwamba ulio chini ya gamba la dunia, ambao ndio asili ya magma, una potasiamu haba mno, na chembe ya potasiamu ni kubwa kuliko nafasi iliyomo katika fuwele za mwamba huo, hata haipati makao ya kudumu. Kwa hiyo moto unapoanza kuuyeyusha mwamba kidogo tu, potasiamu huwa miongoni mwa vitu vya awali kutoka na kuingia katika tone la kwanza la magma. Mwamba ukiyeyuka sana, potasiamu hiyo huchanganyika na vingine ikapotea ndani yake. Ukiyeyuka haba, hukusanyika. Fauka ya hayo, chini ya bonde la ufa la magharibi, pale Uganda na Kongo zinapopakana, mwamba huo umepenywa tangu kale na vimiminiko vilivyojaza ndani yake ulanga wa rangi ya kahawia, ambao una potasiamu kwa wingi. Haya si dhana tupu, maana volkano ndogo za Katwe na Bunyaruguru, Uganda, zimerusha juu vipande vya mwamba huo wenye ulanga, na mtu huweza kuvishika mkononi. Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza aliyezichambua zaha za nchi hiyo katika miaka ya 1930, alikuta miongoni mwake mawe yenye potasiamu nyingi na silika haba kiasi cha kulazimika kuyatungia majina mapya. Ufa wa mashariki una shauri lake: huko ni sodiamu inayotawala aghalabu, na Oldoinyo Lengai hutoa zaha ya kaboneti, nyeusi, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ambayo ndani yake mna madini yaliyopewa jina la Mwalimu Nyerere.

Chukua kipande cha zaha ya Virunga, safu ya volkano ambamo Nyiragongo umo, ukivunje. Utaona weusi kama wa makaa, vitundu vilivyoachwa na hewa, na mara nyingi fuwele nyeupe za mviringo zilizopachikwa ndani. Hizo ni leusiti, mchanganyiko wa potasiamu, alumini na silika, nazo hutokea pale tu silika ilipopungua, kwani lau ingetosha, potasiamu hiyo hiyo ingejenga felspa. Silika ikizidi kupungua hutokea kalsiliti, madini yaliyotambuliwa kwanza mwaka 1942 katika zaha ya Mafuru, Uganda. Mawe ya namna hii, mvua ikiyapiga zamani baada ya zamani, huachia potasiamu yake udongoni, na hiyo ni sababu mojawapo ya ardhi ya Rutshuru na Masisi, huko Kongo, kuzaa maharage na viazi kwa neema ambayo mkulima wetu, apandaye katika tope baada ya mafuriko ya Rufiji kupungua, ataielewa mara moja.

Potasiamu ina fadhila nyingine ambayo Tanzania imenufaika nayo kuliko nchi nyingi. Katika kila chembe 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina inayooza polepole, nusu yake ikiisha kwa miaka milioni 1,250, na karibu sehemu moja katika kumi ya hiyo inayooza hugeuka hewa ya agoni. Zaha ikiwa bado ya moto hewa hiyo hutoka ikapotea. Ikishaganda hunaswa ndani ya fuwele, na mwenye vyombo aweza kuipima akajua jiwe liliganda lini. Kwa njia hii Evernden na Curtis wa California walipima majivu ya volkano ya Olduvai, na mwaka 1961, pamoja na Louis Leakey, wakatangaza kwamba tabaka lenye fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, ilhali kabla ya hapo Leakey mwenyewe alikuwa akilikadiria chini ya milioni moja.

Turudi Nyiragongo, maana huko kemia hii imeua watu. Mlima huo, wenye kimo cha mita 3,470 hivi, ulikuwa na ziwa la zaha ndani ya shimo lake tangu 1928. Na tarehe 10 Januari 1977 kuta zake zilipasuka, ziwa lote likamwagika katika muda usiotimia saa moja, zaha ikiteremka kwa mwendo uliokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, hata vigogo vya miti vilivyokuwa njiani vikabaki vimevikwa ganda la jiwe hadi kimo ilichofika. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kutoka mlimani hata ukingoni mwa mji wa Goma, na zaha ikapita katikati yake mpaka ndani ya Ziwa Kivu, ikifunika zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mji, na watu wapatao 400,000 wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena, usiku, bila ya ishara za kutosha kutangulia, kwa kuwa magma ilikwishakuwa juu mlimani nayo haikuhitaji kupasua njia ndefu ili itoke. Zilzala nyingi zilikuja baadaye, magma ilipokuwa ikijipenyeza chini ya mji na ziwa.

Asidhani mtu, lakini, kwamba potasiamu peke yake yatosha kuuhukumu mlima. Vesuvio wa Italia nao una leusiti na potasiamu nyingi, na mwaka 79 ulilipuka kwa ghadhabu ukaifukia Pompeii, kwa sababu magma yake ilikuwa imekaa chini muda mrefu, silika ikazidi, na mvuke ukafungika ndani yake; na mashimo ya Katwe yalichimbwa na milipuko ya hewa na maji, si na zaha inayotiririka.

Magma za Virunga huja pia na hewa ya kaboni dioksidi kwa wingi, ambayo ni nzito kuliko hewa tuivutayo kwa nusu yake tena, ikakaa mabondeni na mashimoni kando ya Ziwa Kivu, kuelekea mji wa Sake. Wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa dunia nzima wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, na mtoto aliyemshika mkono akaanguka. Mbuzi, mbwa na mwenye kulala chini hufa bila ya kujua.

Basi wewe msomaji wa Kibiti, Utete au Mbwara mwenye ndugu au mshirika wa biashara Goma, mpelekee habari hizi: alfajiri, pepo zikiwa zimetulia, asishuke bondeni wala asilale shimoni; na siku mlima ukipasuka asingoje kuiona zaha kwa macho ndipo aondoke, bali ashike njia ya juu mapema, aache vyombo, achukue watoto.