Alizeti ina mapepe? Angalia pembezoni mwa shamba

Kichwa cha alizeti ni kipana kama sahani, ila ukikipukuchua, mbegu nyingi ni mapepe. Mkulima wa Hanang ataanza kulaumu mbegu au mvua, na mara nyingine yuko sahihi. Ila kuna sababu wengi hawaiangalii: nyuki hawakufika.

Alizeti hujaza vizuri wadudu wanapobeba chavua kutoka ua hadi ua. Maboga ndiyo kabisa. Ua dume na ua jike yako mbalimbali, kwa hiyo bila nyuki hupati boga. Duniani, takribani asilimia 75 ya aina za mazao ya chakula hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani.

Shida ni kwamba alizeti huchanua kwa wiki chache tu. Baada ya hapo nyuki wale nini? Zamani vichaka vya mpakani, migunga na miringaringa vilijaza pengo hilo. Vikifyekwa na kuchomwa moto ili kupata mistari miwili zaidi ya mahindi, wadudu wanahama au wanakufa njaa. Kule Bonde la Yaeda, Mbulu, ambako Wahadzabe huvuna asali kwenye mashimo ya mibuyu, mwaka wa maua haba ni mwaka wa asali haba.

Kurekebisha si gharama. Acha ukanda wa mita moja au mbili pembezoni mwa shamba. Panda kivumbasha, mshubiri na mringaringa, yaani mimea ya huku huku iliyozoea ukame. Lengo ni maua yapokezane, hasa kiangazi cha Juni hadi Oktoba. Bakiza na kipande cha ardhi kisicholimwa, kwa sababu nyuki wengi wa porini hawakai kwenye mzinga. Kila jike huchimba kishimo chake udongoni.

Vipepeo wana masharti zaidi. Maua pekee hayatoshi, wanataka pia majani ya kulisha viwavi wao. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Baadhi ya mimea hiyo ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo isiwe njia ya ng'ombe. Na si kila kiwavi ni kiwavijeshi, jamani.

Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha waliochunguza mashamba ya maharage mkoani Kilimanjaro walikuta wakulima wengi wanamjua nyuki wa asali, ila wachavushaji wengine hawawatambui. Mtu hawezi kumlinda mdudu anayemwona kama adui.

Na kama lazima upulize dawa, subiri jioni nyuki wakisharudi. Usipulize kabisa kwenye ule ukanda, wala zao likiwa kwenye maua.