Bunduki ya mwaka 1963 na ndugu yake ya mwaka 1964

Katika maduka ya silaha ya Marekani hutokea jambo la kumshangaza mgeni. Muuzaji huweka juu ya meza bunduki mbili za kuwindia. Zote mbili huitwa Winchester Model 70. Zote mbili zilitengenezwa katika kiwanda kimoja, mjini New Haven, na hupiga risasi za namna moja. Moja ilitoka kiwandani mwaka 1963, ya pili mwaka 1964. Mgeni huuliza bei. Kumbe ile iliyotangulia, ambayo kitako chake kimechubuka na weusi wa chuma chake umefifia, ndiyo ya bei kubwa, pengine maradufu ya bei ya mdogo wake! Nguo kuukuu haiuzwi hivyo, wala baiskeli. Kwa nini bunduki?

Wasomaji wetu wengi wanaijua gobori ya babu, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni, na ile ya kalibre 12 inayotawanya chembe za risasi. Bunduki tunayoieleza leo ni ya namna nyingine. Hupeleka risasi moja, mbali sana, kwa mtutu uliochongwa mifuo ndani yake ili risasi izunguke na kwenda sawasawa. Tumeona vema kuwapa habari yake, maana ndani yake mna habari ya kazi ya mikono, na ya fedha, na ya maisha ya mtu aliyesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa.

Asili yake

Oliver Winchester hakuwa fundi wa silaha. Alikuwa mtengenezaji wa mashati. Mwaka 1866 aliunda kampuni yenye jina lake, na bunduki zake zikapata sifa nchi nyingi. Lakini shida kuu ya fedha iliyoukumba ulimwengu baada ya mwaka 1929 haikuiacha kampuni hiyo. Mwaka 1931 ilifilisika, ikanunuliwa na jamaa ya Olin, watu waliokuwa na utajiri wa kutengeneza risasi. Chini ya mabwana hao wapya mafundi walichukua bunduki yao ya mwaka 1925, iliyoitwa Model 54, wakaisahihisha makosa yake moja moja. Mwaka 1936 wakaitoa Model 70.

Fikra kubwa iliyomo ndani yake haikuzaliwa Marekani. Ilitoka Ujerumani, kwa Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, ambaye bunduki yake ya mwaka 1898 imekuwa mama wa bunduki nyingi za vita na za kuwindia. Na hapa sisi watu wa Kongo tuna jambo la kukumbuka. Kiwanda cha Herstal, karibu na mji wa Liège katika Ubelgiji, kile kiitwacho FN, kiliundwa mwaka 1889 hasa kwa kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Msomaji aliweke moyoni jina hilo la Herstal, maana tutakutana nalo tena.

Kulabu

Sasa tutazame kitu chenyewe kilicholeta maneno mengi. Bunduki ya namna hii ina komeo la chuma, mfano wa komeo la mlango. Mwindaji hulivuta nyuma, ganda tupu la risasi hutoka na kuruka kando. Hulisukuma mbele, risasi mpya hupanda kutoka katika sanduku lililo chini na kuingia mahali pake nyuma ya mtutu. Hugeuza mkono wa komeo chini, nyumba imefungwa.

Katika Model 70 ya zamani, ubavuni mwa komeo mlikuwa na utepe mrefu wa chuma wenye kulabu pana mbele yake. Risasi ilipopanda tu kutoka sandukuni, ukingo wa kitako chake uliteleza chini ya kulabu hiyo, ikashikwa. Tangu hapo ilikuwa mateka. Mwindaji akisukuma, inakwenda, akivuta, inarudi, akisimama katikati, inasimama naye. Ni kama mtu ashikavyo kikombe mkononi tangu mezani hata mdomoni.

Katika ile ya mwaka 1964 kulabu pana iliondolewa. Mahali pake palitiwa kidole kidogo cha chuma katika uso wa komeo. Komeo huisukuma risasi kwa nyuma tu, kama mtoto asukumavyo tairi kwa kijiti, na kidole kile hakiishiki mpaka komeo limefika mwisho kabisa.

Siku ya amani tofauti hiyo haionekani. Lakini fikirini mtu aliye katika majani marefu, na nyati mwenye jeraha anamjia. Amekwisha kupiga mara moja. Mikono inatetemeka. Anasukuma komeo, risasi inaingia, lakini kabla hajafika mwisho hofu inamfanya alivute tena nyuma. Kama ana kulabu, risasi ile ya kwanza hurudi pamoja na komeo na kutupwa nje, nayo ya pili hupanda mahali pake. Amepoteza risasi moja, basi. Kama ana ile ya kusukuma, risasi ya kwanza imebaki ndani bila kushikwa na kitu. Anaposukuma tena, ya pili inaigonga ile ya kwanza kisogoni, na bunduki inakwama. Mtu huyo sasa ana gongo mkononi, wala si bunduki.

Si hilo tu. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa hupanuka kwa moto, na siku ya jua kali, au likiwa na vumbi, laweza kung'ang'ania ndani. Kulabu pana hukamata sehemu kubwa ya ukingo, kwa hiyo huvuta kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu wawindaji wa wanyama wakali waliipenda. Kwa risasi nene ya .375, ambayo Model 70 iliipokea tangu mwanzo wake, na kwa ile ya .458 iliyotolewa mwaka 1956 katika bunduki waliyoipa jina la «African», ilikuwa bunduki ya nyati na tembo, nayo ilifika Kenya na Tanganyika pamoja na wageni waliokuja kuwinda huko. (Kenya ilikataza uwindaji huo mwaka 1977.)

Yapasa tuseme kweli kwa upande wa pili pia. Uso wa komeo jipya ulichongwa kama kikombe, ukazunguka kitako cha risasi kwa pete ya chuma. Ganda likipasuka, moshi wa moto hauna njia rahisi ya kumrukia mwindaji usoni. Kwa jambo hilo mdogo alimshinda mkubwa. Tena kwa kupiga shabaha hakuwa duni: kulungu aliyesimama mita 200 hajui kama ameuawa kwa kulabu au kwa kidole. Wako pia wanaosema kwamba ile ya kusukuma haiwezi kulisha risasi ikigeuzwa juu chini. Maneno hayo yamepita kiasi, maana mara nyingi huweza.

Fedha

Je, kwa nini waliacha kitu kilichopendwa hivyo? Hawakuwa wapumbavu. Mwili wa bunduki ya zamani ulianza kama pande la chuma lililofuliwa, likapita mashine baada ya mashine, kila moja ikiondoa kidogo. Kitako cha mti wa jozi kilichongwa nakshi za mishiko kwa mkono, mstari kwa mstari. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 mishahara ya Marekani ilipanda, na kazi ya namna hiyo ikawa ghali. Mwaka 1948 kampuni ya Remington, adui yao katika soko, ilitoa bunduki zake za Model 721 na 722. Mwili wake ulikuwa wa mviringo kama bomba, kazi nyepesi kwa mashine, na bei yake ikawa ya chini. Tena zilipiga vema! Mwaka 1962 Remington iliongeza Model 700, nzuri zaidi kwa macho. New Haven walikuwa wakiuza sifa, lakini faida ilikuwa inakwenda kwa jirani.

Wala tusiwafanye watu wa zamani kuwa malaika. Bunduki za New Haven za miaka ya mwisho kabla ya mabadiliko hazikuwa zote na ule usafi wa zile za mwaka 1938 au 1950. Mashine zilikuwa zimechakaa, haraka ilikuwa imeingia. Anayelipa bei kubwa kwa ya mwaka 1963 kwa sababu ya mwaka tu, asiitazame kazi yenyewe, hujidanganya. Hata madini mepesi ya aluminiamu, ambayo watu walilaumu sana kuyaona chini ya bunduki mpya, yalikuwa yamekwisha kutumika katika Model 70 nyepesi ya mwaka 1952.

Lakini mabadiliko ya mwaka 1964 yalikuja yote kwa siku moja, na kwa uso mbaya. Nakshi hazikuchongwa tena. Ziligandamizwa katika mti kwa mhuri wa chuma, zikaonekana kama chapa ya biskuti. Kati ya mtutu na mti palikuwa na nafasi pana, ikamchukiza kila aliyezoea mti kukumbatia chuma. Jack O'Connor, mwandishi wa uwindaji katika gazeti la Outdoor Life, ambaye kwa kalamu yake alikuwa ameifanyia Model 70 sifa kuliko tangazo lo lote, hakuficha kwamba hakupendezwa. Watu walianza kutafuta za zamani, na neno «ya kabla ya sitini na nne» likawa neno la soko. Sisi twaona kwamba kosa kubwa la kiwanda lilikuwa hapa: kama wangaliipa bunduki hiyo jina jipya, labda watu wangaliipokea kama bunduki ya bei nafuu, yenye haki yake. Waliiacha na jina la kaka yake, basi kila mtu akailinganisha naye.

Kitu kimoja hawakukigusa, nacho chastahili kusifiwa. Ni kizuizi cha usalama kilicho nyuma ya komeo, chenye mahali patatu. Mbele, bunduki iko tayari kupiga. Nyuma kabisa, haiwezi kupiga wala komeo haliwezi kufunguka, hata ukipita kichakani na matawi yakivuta. Katikati, haiwezi kupiga, lakini komeo hufunguka, na mwindaji arudiye nyumbani aweza kutoa risasi zote bila hofu. Mwenye kujua ni watu wangapi waliojeruhiwa wakati wa kutoa risasi, si wakati wa kuwinda, atafahamu thamani ya mahali pale pa katikati.

Kurudi kwa kulabu

Kiwanda kilisikia manung'uniko. Mwaka 1968 komeo lilitiwa njia ya kuliongoza lisiyumbe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nakshi za kuchongwa zilirudi, sasa kwa mashine. Lakini kampuni yenyewe ilikuwa mgonjwa. Wafanyakazi waligoma mwaka 1979 na 1980, na mwaka 1981 jamaa ya Olin waliuza kiwanda kwa kampuni mpya iliyoitwa U.S. Repeating Arms. Nayo ilifilisika mwaka 1986. Ni nani aliyekuja kuishika baadaye? Ni Herstal! Kiwanda kile cha Ubelgiji kilichozaliwa kwa ajili ya bunduki za Mauser kikawa mwenyeji wa New Haven.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulabu pana ilirudi katika Model 70, ikaitwa «Classic». Mashine zinazoongozwa na kompyuta zilikuwa zimepunguza gharama ya kuchonga chuma, na jambo lililokuwa mzigo mwaka 1963 likawezekana tena. Hata hivyo halikuwaokoa watu wa New Haven. Wakati wa vita ya pili ya dunia kiwanda kiliwaajiri watu wapatao 19,000. Siku ya mwisho wa Machi mwaka 2006, kilipofunga milango, walibaki wasiofika 200, baadhi yao watoto na wajukuu wa mafundi waliotangulia.

Bunduki ilizaliwa tena mwaka 2008 katika kiwanda cha FN mjini Columbia, South Carolina, ikiwa na kulabu yake na kifyatuo kipya. Kile cha zamani kilikuwa na vipande vichache, wazi, hata mtu aliweza kukisafisha uchafu kwa unyoya wa kuku. Hiki kipya kimefunikwa ndani ya kijumba chake. Ni laini zaidi kwa kidole, nasi twakisifu, lakini kwa safari ya vumbi na matope tungependa kile cha wazi. Baadaye kazi ya kuunganisha ilihamishiwa Viana, nchi ya Ureno.

Basi anayetaka kuzitambua asitazame mti, kwa sababu vitako hubadilishwa. Atazame namba. Za zamani ziliishia 581,471, na mpya zilianza 700,000. Kisha afungue komeo: utepe mrefu wa chuma ubavuni ukiwapo na namba ikiwa ndogo, ni ya kabla ya mwaka 1964, ukiwapo na namba ikiwa kubwa, ni ya baada ya kurudi kwa kulabu. Mkusanyaji wa vitu vya kale hulipia kila parafujo ya asili. Mwindaji hana haja hiyo. Yeye achukue risasi za bandia tano, zisizo na baruti, azipitishe zote polepole, kisha kwa haraka, kisha alivute komeo kabla halijafika mwisho, kama mtu mwenye hofu, atazame ile risasi iko wapi.