Fedha za Huduma za Afya Kisesa na Kalenda ya Halmashauri

Kata ya Kisesa, iliyo katika Wilaya ya Magu kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, inafahamika kwa watafiti wa afya kwa sababu tangu mwaka 1994 wakazi wake wamefuatiliwa, kaya kwa kaya, katika utafiti wa muda mrefu wa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Nchini kote, sehemu kubwa ya huduma za upimaji na za dawa za kufubaza virusi ilibebwa na wafadhili, na amri ya Rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari 2025, iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ilidhihirisha jinsi huduma isiyo na kasma yake katika bajeti ya ndani inavyoweza kukwama kwa saini moja iliyotiwa mbali.

Kasma ni fungu la fedha lililotengwa kwa shughuli iliyotajwa, na njia ya kuipata huanzia chini. Vipaumbele vya vijiji hufikishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kisha hupelekwa halmashauri, ambako Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango huvipima dhidi ya ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho serikali imeelekeza kisizidiwe. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na rasimu hukamilishwa miezi kadhaa kabla, kikundi cha wananchi kinachofika kwa diwani mwezi Mei kikiwa na barua ya malalamiko, hata kama hoja yake ni ya haki kabisa, hukuta hesabu zimekwisha kufungwa, ilhali kile kilichokaa na afisa mipango na mganga mkuu wa wilaya mwezi Novemba, kikiwa na idadi ya wagonjwa na gharama za kila shughuli, huwa kimewarahisishia maofisa hao kazi ya kuitetea huduma mbele ya wakubwa wao.

Maofisa hao nao wana mipaka ambayo haifai kupuuzwa. Ushuru wa mazao ya biashara, ambao kwa wilaya inayolima pamba una uzito wake, ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Aidha, si kila shilingi iliyobaki iko huru: yapo mapato lindwa, kama vile ada za matibabu, ambayo hurudi kwenye matumizi ya kituo kilichoyakusanya, na ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaielekeza kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Historia ya mikopo hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani pamoja na kulindwa na sheria ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kubaini fedha nyingi zisizorejeshwa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sheria peke yake haikutosha pale ambapo usimamizi ulilegea.

Kosa linaloigharimu jamii zaidi ni kudhani kwamba fedha iliyopitishwa ni fedha iliyotolewa. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na taarifa za mapato na matumizi zinazowasilishwa hapo ndizo zinazoonyesha ni kiasi gani kimefika zahanati na kituo cha afya. Diwani aliyepewa takwimu hizo mapema na kamati ya usimamizi wa kituo huuliza swali ambalo mkurugenzi analazimika kulijibu kwa kumbukumbu za kikao. Jambo hili lina uzito wa pekee baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, kwa kuwa madiwani wapya huingia ukumbini wakati maandalizi ya bajeti inayofuata yamekwisha kuanza, na mtendaji wa kata, aliyebaki kazini, ndiye mwenye jalada lenye ahadi zilizotangulia.