Utingo Anaponyamaza Mteremkoni Soni

Aliyepata kusafiri kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile: huku mwamba, huku bonde, kona juu ya kona hadi kuufikia mji mdogo wa Soni na maporomoko yake ya maji. Kwa njia hiyo hiyo huteremka malori ya kabichi na karoti yaendayo Dar es Salaam. Ndani yake wamo dereva na utingo. Mara nyingi utingo ni kijana wa ukoo, humwita dereva mjomba, naye amelelewa asimkosoe mkubwa. Anaposikia harufu ya breki zinazoungua hujiuliza: niseme, ama mjomba ataona namdharau?

Swali hilo limepata kugharimu roho nyingi. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Shirika la Ndege la Kenya, safari namba 507, ilianguka mara tu baada ya kuruka usiku kutoka Douala, Cameroon. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba rubani mkuu aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika kazi, kumbe haujashika. Msaidizi wake hakuthibitisha lolote, na ndege ikawa inaegemea kulia polepole. Ukosefu wa ushirikiano baina ya wawili hao ulitajwa miongoni mwa sababu.

Wanahistoria wa Sira wanasimulia kuwa kabla ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, swahaba Al-Hubab bin Al-Mundhir (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama mahali walipotua pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee hadi kisima kilicho karibu zaidi na adui. Ushauri ukakubaliwa, jeshi likahama.

Tunaisifu sana adabu ya Al-Hubab, na inastahili. Lakini tunamsahau aliyeulizwa. Swahaba yule angalikemewa mbele ya wenzake, nani mwingine angalithubutu kesho yake? Si bure sura nzima ya Qur'ani ikaitwa Ash-Shura.

Kwa hiyo mwenye kuanza ni mjomba. Lori likiwa bado limesimama Soni, amwambie kijana: "Ukisikia harufu au mlio wowote, niambie, hata ukiniona nimenuna." Na kijana akisema, asimamishe gari, ashuke, ayakague magurudumu, hata ikibainika kuwa harufu ile ilikuwa ya kuni za jirani apikaye chai kando ya barabara.