Mti wa Mpakani katika Vihamba vya Uchaga

Wakazi wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, wasemapo Kiswahili, hutenga maneno mawili ambayo mgeni huyadhani kuwa ni moja: shamba na kihamba. Shamba ni lile la tambarare, lilimwalo kila mwaka kwa mahindi na maharagwe, na likiisha kuvunwa hubaki tupu. Kihamba ni makao: nyumba, zizi, migomba, kahawa, makaburi ya wazee, na juu ya hayo yote miti mirefu. Mtu aweza kuuza shamba na asisemwe sana. Auzaye kihamba huulizwa na ukoo wake. Mwalimu au mchungaji aliyetumwa huko kutoka nchi nyingine yampasa kuishika tofauti hii mapema, maana mashauri mengi yatakayoletwa mlangoni pake ni ya kihamba, na mengi katika hayo huanza na mti.

Atazamaye kihamba kwa mara ya kwanza huona msitu, na akiambiwa kwamba kila mti uliomo una mwenyewe na una kazi yake, husita kusadiki. Chini kabisa yako magimbi na majani ya ng'ombe. Juu yake kahawa. Juu ya kahawa migomba. Juu ya migomba miti. Mruka, ambao wengine huuita mfuruanje, hutandaza matawi yake kama mwavuli, na vijani vyake vidogo hupitisha nuru ya kutosha kahawa, kisha huanguka vikawa mbolea. Mringaringa hutoa mbao njema za milango na viti, na maua yake meupe hupendwa na nyuki. Msesewe husitawi penye maji. Gome lake ndilo litiwalo katika mbege, pamoja na ndizi na ulezi, ili kuitia uchungu. Mgrivea ulikuja kutoka Australia. Hukua upesi na kusimama wima, kwa hiyo hupandwa sana mipakani. Wataalamu walioandika habari za vihamba mwaka 1984 walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Basi ugomvi watoka wapi? Watu husema vijana wa siku hizi hawana adabu. Mimi naona sababu iko katika kugawa. Zamani mti mkubwa ulisimama katikati ya kihamba cha mtu mmoja, na ukianguka uliangukia migomba yake mwenyewe. Alipozeeka aligawa kihamba kwa wanawe. Nao wakagawa kwa wana wao, hata sehemu ya mmoja ikawa kama ua. Mti haukusogea shibiri moja, lakini mpaka umeufuata, na leo umesimama mpakani. Shina liko kwa mkubwa, kivuli kwa mdogo, na mizizi kwa wote wawili. Mdogo asema kahawa yake haizai kwa sababu ya giza. Mkubwa ajibu kwamba mti uliachwa na babu, nani aliye na mamlaka ya kuuondoa? Mwaka mwingine shauri hugeuka: mkubwa ataka kupasua mbao apate ada ya shule, na mdogo ndiye akataaye, akisema kwamba ukianguka utavunja migomba, na kahawa iliyozoea kivuli itaungua kwa jua.

Msikilizaji hushawishika kuuliza kwanza, Mti ni wa nani? Yafaa aanze kwa kuuliza, Ni nini kinachoishi chini yake? Akipita chini ya matawi pamoja na wote wawili, akahesabu mashina ya migomba na mibuni, na kutazama upande ambao shina limeinamia, mara nyingi ataona kwamba kila mmoja amesema kweli kwa upande wake. Mmoja ana haki ya mbao, na mwingine ana haki ya kivuli, au ya kuondolewa kivuli.

Mpaka wenyewe huonyeshwa kwa isale. Huu ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, usiokufa upesi hata ukikatwa, na tawi lake likichomekwa ardhini huota. Hupandwa mipakani na penye makaburi. Tena jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Mwenye kung'oa isale usiku ili kuusogeza mpaka amefanya makosa mawili kwa mkono mmoja: ameiba ardhi, tena ameitendea jeuri alama ile ile ambayo kesho ataihitaji ili asamehewe. Kwa sababu hiyo wazee huliona kosa hilo kuwa baya kuliko kukata mti wenyewe.

Na kukata mti nako hakukuwa jambo la shoka tu. Bruno Gutmann, aliyekuja Uchaga mwaka 1902 na kukaa Moshi Kale kwa miaka mingi hata 1938, aliandika desturi ya watu waliokata mti kwa ajili ya kuchonga mizinga ya nyuki. Mwenye mti aliuita dada yake. Siku ya kabla ya kuukata aliupelekea zawadi, akauambia kwamba anaozwa, kama msichana anayeagwa kwao. Siku ya kukata hakuwapo. Akaja baadaye, akiomboleza kwamba amenyang'anywa dada. Wapo wasomao habari hii wakacheka. Lakini fikirini: mti ulioagwa hivyo haukukatwa kwa hasira, wala kwa siri, wala kwa siku moja. Kila jirani alikwisha kujua.

Kuhusu kazi yenyewe, Kiswahili kina maneno ambayo wanafunzi wetu huyachanganya. Kupogoa ni kupunguza matawi kwa chombo chenye makali, ili mti uzidi kusitawi au upitishe nuru. Kukwanyua ni kuvuta tawi hata litoke na gome la shina, na jeraha lake huingiza maji na uozo. Kuangusha ni kuukata mti mzima. Ugomvi wa kivuli mara nyingi huisha kwa kupogoa, kwa kuwa mringaringa na mgrivea huchipua tena. Tena matawi huwapa wote kuni. Mtu ashikaye panga na kukwanyua, akasema amepogoa, amewakosea wote wawili. Kadhalika abanduaye gome la msesewe kwa ajili ya mbege na abandue upande mmoja tu. Gome likiondolewa kuzunguka shina lote, mti hufa ungali umesimama.

Mti ukiwa hauna budi kuangushwa, wakati ufaao ni Januari na Februari, mavuno ya kahawa yakiwa yamekwisha na masika hayajaanza. Fundi hupanda kwanza na kukata matawi, moja moja, kila tawi zito likishushwa kwa kamba. Wakati huo huo majani ya migomba iliyo karibu hufungwa pamoja au hukatwa, maana mgomba uliokatwa majani hupona, uliovunjika shina haurudi. Kisha hukata pengo upande ambao mti utaangukia, akaukata upande wa pili juu kidogo ya pengo lile, akisaza kati ya mikato miwili kipande cha mti kisichokatwa, kifanye kazi ya bawaba. Akisita kuanguka hupigiliwa kabari nyuma yake. Fundi mwenye haraka hukata bawaba ile, na hapo mti huanguka upendako wenyewe; wengi wameumia hivyo, na wengine wamekufa. Mti ulio karibu na mfongo uangushwe mbali na maji, kwa kuwa gogo likiziba mfongo, watu wa chini hukosa maji, nao hawakuwamo katika shauri.

Haja ya kuni imezidi kuyakaza mambo haya. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa kandokando ya msitu wa mlima, ili wenyeji wapate humo kuni na mbao. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipanuliwa ikaumeza msitu wote, na njia ya kuingia kutafuta kuni ikabana. Kilichokuwa kikitoka mlimani sasa hutafutwa kihambani.

Kabla ya shoka yafaa kwenda pia ofisini, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka njia ya kutangaza miti ya akiba, isiyokatwa bila kibali, na afisa misitu ndiye wa kuulizwa. Shauri la ardhi likishindikana nyumbani huletwa mbele ya Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kupatanisha, wala si kuhukumu. Kwa hiyo neno la mtu aaminiwaye na pande zote mbili lina uzito.

Na ikiwa mti umekwisha kuanguka kwa jirani, mwenye mti huenda na isale siku ile ile, kabla jua halijatua. Kisha huhesabiwa migomba iliyovunjika, na aina zake. Asiyejua hulipa machipukizi ya kitarasa mahali pa mchare, na jirani, ingawa amelipokea isale, hunung'unika kila apitapo hapo, hata mkungu wa kwanza utokee.